Barua kwa mwanangu dereva: ipunguze hiyo sabufa

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hapa Uyole, Mbeya, ni wazima, mama yako yuko shambani anamalizia viazi. Nimeambiwa hilo gari lako la abiria umelifunga sabufa mpya, ingawa hakukuwa na haja ya kuambiwa. Juzi ulipopita pale viwanja vya Nane Nane nilikujua kabla sijakuona.

Redio siikatai. Nimekula lami ya Tunduma na Dar miaka mingi, na usiku wa manane Makambako redio ndiyo iliyokuwa inanikesha. Lakini barabara yako ya Tukuyu haitaki macho peke yake. Ukishatoka Igawilo kupanda Isyonje, kona zinafuatana, na ukungu ukishuka unabaki kuona pua ya gari lako tu. Lori la Malawi likifeli breki huko juu, dereva wake hana la kukuambia ila honi. Ataishikilia asiiachie. Taa atawasha pia, lakini kwenye kona ile utazionea wapi? Na mwezi wa saba vioo vyote mmefunga kwa baridi. Ukiongeza na mziki mnene, honi utaisikia lori likiwa limeshafika.

Piga hesabu. Kwenye kilometa 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukijiuliza sekunde mbili tu kama ile ni honi ya kweli au imo kwenye wimbo (maana nyimbo zenu siku hizi zina hadi ving'ora), umeshakwenda mita 44 na mguu haujagusa breki.

Gari nalo husema. Beringi ya tairi ikianza kufa huvuma, pedi zikiisha hukwaruza, upepo ukivuja husikika. Ukiwahi, fundi anakutoza kidogo. Halafu kile kioo cha ndani: nilipokaa siti ya mbele nilikiona kinatetemeka kila sabufa ilipodunda, magari ya nyuma yakawa madoa tu. Na konda wako alikuwa anagonga bodi usimame, mama mwenye mtoto mgongoni katoa mguu mmoja nje, wewe unaingiza gia. Abiria ndio waliopiga kelele wote kwa pamoja.

Masikio yako pia. Wataalamu wa afya kazini wengi wanaweka mpaka wa sauti ya desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Wewe unaingia barabarani alfajiri unatoka usiku.

Najua utaniambia vijana wa chuo wanachagua gari lenye mziki na tajiri mwenye gari anataka hesabu yake. Ni kweli, mjini wanachagua. Ila yule mama wa Kiwira mwenye mikungu ya ndizi anapanda gari linaloondoka, na nauli yake ni ileile.

Basi ukifika Igawilo zima kabisa mpaka uvuke Isyonje, na kioo chako cha dereva kishushe kidogo hata kama konda analalamika baridi. Kwingine weka sauti ambayo abiria wa siti ya nyuma akisema "shusha" unamsikia bila kupokezana ujumbe.

Hiyo sabufa ukiitoa usimuuzie mtu. Shemeji yako anatafuta ya kuweka kwenye kibanda chake cha chipsi, na bei mtaelewana.

Mama anakusalimu. Gunia la viazi nitampa konda wako Jumamosi.

Baba yako