Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2026

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana wetu, hamjambo.

Hesabu za mwaka mtasomewa na mweka hazina, na nakala ziko mezani kwa katibu. Mwenye swali la pesa alitunze mpaka zamu hiyo ifike. Mimi niseme tu kwamba michango ya mazishi ililipwa yote bila kukopa, na kwamba tumepata wanachama wapya, wengi wao vijana wanaopiga picha kwa simu. Wazee wetu wa kamera waliwanunia miezi ya kwanza. Siku hizi nawaona wakiwaomba chaja.

Jambo ninalotaka tulizungumze kwa kirefu ni la Mei 2. Siku hiyo ilitimia miaka 90 tangu Alibhai Mulla Jeevanjee afariki, na bustani aliyoitoa hapa Nairobi, hii ya Jeevanjee tunamofanyia kazi, imefikisha miaka 120. Jina lake tunalitaja mchana kutwa. Mteja akipiga simu kuuliza tuko wapi, tunamjibu tuko Jeevanjee, na yeye anajua ashukie Moi Avenue au akatize kutoka City Market. Ila ukituuliza mwenye jina alikuwa nani, wengi tungeishia kusema alikuwa Mhindi tajiri. Kamati ikaona sisi tunaokula kwa kivuli cha miti ile hatuwezi kuiacha siku hiyo ipite kimya.

Haikukubalika kirahisi. Katika kikao cha Machi mwanachama mmoja wa upande wa kazi za viatu alisimama akauliza: mtu aliyenona kwa kandarasi za mkoloni, maskini wamkumbuke kwa lipi? Lilikuwa swali la haki na sikutaka lizimwe kwa makofi. Nikaomba nieleze yanayojulikana juu yake, matamu na machungu, kisha watu waamue. Narudia hapa kwa ajili ya ambao hawakuwepo.

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika jamii ya Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, akafika Mombasa mwaka 1890. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza, alipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India, na baadaye kazi nyingine za ujenzi wa reli hiyo. Kwa jumla vibarua walioletwa kutoka India kwa ajili ya reli walikuwa takriban 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha. Huko ndiko pesa ilikotoka, na sioni sababu ya kulificha. Mwaka 1902 alianzisha gazeti pale Mombasa, African Standard. Aliliuza mwaka 1905, nalo ndilo hili hili The Standard ambalo kila asubuhi tunalisoma bure tukiinama juu ya meza ya muuza magazeti.

Bustani aliitoa mwaka 1906, ekari kama tano, kwa wakazi wa Nairobi, wakati mji wenyewe ulikuwa bado mabati na matope. Ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, na aliyekuja kuizindua ni Duke wa Connaught, mwanawe malkia. Mwaka 1909 akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kukalia kiti humo. Alitumia sauti yake kupinga ubaguzi waliofanyiwa Wahindi, hasa kunyimwa mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa walowezi. Lakini mwaka 1910, akiwa Uingereza, alitoa rai gazetini kwamba nchi hii iunganishwe na India ya Waingereza. Mwenye nchi hakuulizwa.

Nilipofika hapo yule mwanachama akasema, "Si niliwaambia?" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka.

Kilichogeuza kikao ni habari za mwaka 1991. Mwaka huo Tume ya Jiji ilikuwa na mpango wa kuifukua bustani, chini liwe egesho la magari na juu yajengwe majengo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akaanzisha kampeni ya kuupinga. Vijana wetu hawaijui hofu ya siku zile. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai alikuwa ametukanwa bungeni kwa sababu alikataa jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Hata hivyo watu walijitokeza, mpango ukafa, na bustani ikabaki. Bila kampeni ile, hapa ninaposema tunafanyia kazi pangekuwa mlango wa kuingizia magari. Ndiyo maana azimio la kamati lilitaja majina mawili, la babu na la mjukuu.

Maoni yangu binafsi, na mnaweza kunipinga, ni kwamba Jeevanjee alitoa kuliko alivyokusudia. Yeye alimweka malkia katikati. Leo Bunge la Mwananchi, wale raia wanaokutana bustanini kujadili siasa, wanakaa kwenye viti vile wakibishana juu ya bei ya unga na kesi za mahakamani, wahubiri wanapaza sauti saa ya chakula cha mchana, walinzi wa zamu ya usiku wanalala kwenye nyasi, na sisi tunapata riziki. Malkia mwenyewe alivunjwa mwaka 2015. Tajiri akijenga jumba lake jina linabaki kwa wanawe wakigombania urithi. Huyu aliacha mahali ambapo hata anayemlaani anakaa bila kulipa.

Siku yenyewe iliangukia Jumamosi, siku iliyofuata Leba Dei, na mji ulikuwa umepoa. Kibali kilichelewa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, hivyo vipaza sauti tulivyokodi vilikaa bila kazi mpaka saa tano. Wapiga picha walikuwa wamefunga kamba ya manila kutoka mti hadi mti na kuning'iniza picha za miaka yote kwa vibanio vya nguo: mahafali, harusi za Ofisi ya Msajili, suruali za pipa, watoto waliovalishwa miwani ya jua ya mpiga picha. Nyingi ni zile ambazo wateja hawakurudi kuzichukua.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa mboga alisimama mbele ya mojawapo, akaweka mfuko chini. Alikuwa yeye, ana kama miaka minne, ameshika mkono wa babake ambaye sasa ni marehemu. Akamwita mwenye picha. Mzee wetu akaigeuza, akasoma mwandiko wake mwenyewe wa kalamu ya wino nyuma, akasema bila kupepesa macho, "Mlilipa nusu." Mama akacheka hadi akajifuta machozi, akatoa simu, akalipa baki kwa M-Pesa. Alilipa na zaidi, na hiyo zaidi imo katika hesabu mtakazosomewa.

Limebaki jambo moja la kuamuliwa leo. Pesa zilizobaki za siku ile hazitoshi mambo mawili. Nusu ya kamati inataka bamba la shaba lenye majina ya babu na mjukuu. Nusu nyingine inataka tutengeneze viti viwili vilivyovunjika mbao upande wa Monrovia Street. Mimi ni wa viti, na nimelisema hilo wazi ili asije mtu akadai nilielekeza kura kichinichini. Yoyote tutakayochagua, itabidi tuombe kibali upya, kwa hiyo tusiliahirishe hadi mwakani.

Katibu atagawa karatasi za kura. Wanachama ambao hawajamaliza ada ya mwaka wanaweza kumwona mweka hazina sasa hivi, kabla hazijafika safu yao.