Kihispania cha vijana wetu wa utalii

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi niseme na wanaowasomesha Kihispania vijana wetu wa utalii hapa Unguja, kazi mnafanya nzuri kweli lakini jamani msiwape neno na maana moja tu mkaishia hapo. Chukueni hili neno falda, vijana wanaandikiwa sketi basi, na kweli ni sketi, ila Mhispania huyohuyo akikwambia falda ya mlima anakusudia pale chini mlima unapoanza kupanda, na mama akimpakata mwanawe mtoto yuko kwenye falda yake hata kama kavaa suruali, tena buchani falda ni nyama ya ng'ombe ya upande wa tumboni! Sasa kijana anaempeleka mgeni sokoni Darajani pale penye nyama si atadhani anaulizwa nguo.

Halafu kuna saco, na hili ndo linanikera zaidi manake wageni hawatoki Hispania peke yake. Kule Hispania saco ni gunia, aje mtu wa Argentina au Meksiko aseme saco lake limebaki kwenye gari anakusudia koti la suti, kijana anahangaika kutafuta gunia. Kolombia ndo kabisa, saco ni sweta.

Mimi naomba neno lifunzwe ndani ya sentensi na nchi yake itajwe, na mtihani uulize hivohivo.

Mzazi wa mtembeza wageni,
Mwanakwerekwe, Unguja