Ruhusa ya kurudi shule tumepata, hela je?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati ule, Profesa Ndalichako, alipotangaza waliokatisha masomo warudi, hata mabinti waliojifungua, huku kwetu tulishangilia kweli, ila ruhusa haipandi daladala wala hainunui daftari. Binti yangu karudi kidato cha pili, mjukuu nashinda naye mimi kwenye meza ya mihogo, sare ya zamani haimtoshi, bado nauli, bado chakula cha mchana, na vyote vinanisubiri mimi. Tunaambiwa elimu bila ada, sawa, lakini ruzuku, ile hela serikali inayoipa shule ya sekondari, ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, jamani, mwaka mzima, hapo utatoa ya chaki au ya kumfuatilia mtoro nyumbani? Mwalimu wa malezi shuleni kwao anatamani afuatilie lakini ana vipindi kibao na nauli anatoa mfukoni.

Naomba bajeti iwe na fungu lake kabisa la wanaorudi, sare na nauli kwanza, semina za hotelini zisubiri. Kuna mwenzake na binti yangu walirudi pamoja, huyo kadumu wiki tatu tu, sasa hivi anauza maji stendi.

Mama Mihogo, Mbagala