Mrija Ulio Ukutani: Barua kwa Wenzangu wa Chungu, Malaba

Wadogo zangu na wanangu wa kikundi,

Jumapili iliyopita tulikuwa sita kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi tunayoinywa pamoja kwa mirija mirefu. Sita! Kabla ya kampeni tulikuwa zaidi ya ishirini, mirija ikigongana kama pembe za ng'ombe mtoni. Katibu alisoma majina yenu moja moja, na kila jina likajibiwa na kimya. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama. Mko hapa hapa Malaba, mpakani upande wa Uganda. Wengine nawaona mkipita na boda mbele ya nyumba yangu huku mkitazama upande wa pili.

Nawakumbusha kitu ambacho vijana hamkukuta kikianza. Kikundi hiki hakikuundwa kwa ajili ya malwa. Tulikiunda ili tuzikane. Mawakala wa forodha, madereva wa malori, wabeba mizigo, wauza mahindi, wengi tuliletwa na mpaka: huyu Mteso, yule Mjapadhola, mwingine Msamia, mwingine mama yake yuko upande wa Kenya. Ndiyo maana vikao vyetu ni vya Kiswahili. Mtu wa mpakani akifiwa hana ukoo karibu wa kumchimbia kaburi, ukoo wake ni sisi. Turubai ni letu, viti ni vyetu, zile sufuria mbili kubwa ni zetu. Malwa ilikuja baadaye, kwa sababu mkutano mkavu hauna watu.

Sasa mwenzetu amefiwa na mama yake. Turubai lilifika, wa kulifunga hawakufika. Nililifunga mimi, na magoti yangu haya, pamoja na vijana wawili wa steji ya boda niliowalipa. Nilipouliza kulikoni, nikaonyeshwa simu. Kumbe wakati wa kampeni mfiwa aliandika kwenye stetasi yake kwamba wenye shati la njano, watu wa chama tawala cha NRM, wameuza watoto wao kwa sukari na sabuni. Mwingine akajibu kwamba wenye kofia nyekundu, watu wa chama cha upinzani cha NUP, ni wavuta bangi wanaotaka kuichoma nchi. Zikafuata komenti mpaka usiku wa manane. Mama yule hakuwa na simu, hata ile katochi. Ameadhibiwa kwa komenti ambazo hakuwahi kuzisoma.

Sisemi msizungumze siasa. Katiba ya Uganda ya 1995, Ibara ya 29, inawapa uhuru wa kusema, na mimi mwenyewe sijawahi kunyamaza. Mwaka 2001, mpinzani Besigye alipogombea urais na Rais Museveni kwa mara ya kwanza, tulibishana kwenye chungu hiki mpaka birika la maji ya moto likapinduliwa. Lakini tulibishana tukitazamana. Ukimwona mwenzako jasho linamtoka na midomo inatetemeka, mkono wenyewe unampelekea birika. Tusi lilinyweka pamoja na pombe, kesho yake likawa kichekesho. Siku hizi tusi linalala macho. Unaamka asubuhi unalikuta pale pale, na watu hamsini wamelicheka ukiwa usingizini.

Na wale mnaowagombania, mnawajua mwendo wao? Wapo kati yenu waliokosana na shemeji zao kwa ajili ya Norbert Mao, aliyegombea urais mwaka 2021. Julai 2022 chama chake cha upinzani, DP, kikatia saini makubaliano na NRM, naye akawa Waziri wa Sheria. Simlaumu, siasa ina hesabu zake. Ila wale shemeji bado hawasalimiani.

Tena tumehangaika sana ili tutukanane. Julai 2018 tulipowekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao, tulilipa. Facebook ilipofungwa Januari 2021, tukajifunza VPN, ile programu ya kupita penye kizuizi. Mimi nilifundishwa na mjukuu wangu, tena kwa kejeli. Kisha wakati wa uchaguzi wa tarehe 14 intaneti yote ikakatwa kwa siku kama tano. Hatua ile siisifu hata kidogo, wenye vibanda vya pesa ya simu walikaa mikono mitupu na watoto wao hawakula. Lakini siwezi kuficha kwamba jioni zile chungu kilijaa, njano na nyekundu, bega kwa bega, kila mtu akiuliza mwenzake, "Umesikia nini?"

Sasa nifike kwenye jambo lililonitoa usingizini. Tusi la hadharani ni baya, lakini lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuliomba radhi. Kilichotuvunja hasa ni kuhamisha maneno. Kanuni ya kwanza kwenye daftari la katibu inasema: linalosemwa kwenye chungu linabaki kwenye chungu. Kundi letu la WhatsApp ni chungu pia, na nyinyi mnapiga skrinishoti mnapeleka nje.

Mimi ndiye niliyeanza. Ndiyo, mimi. Wiki chache baada ya uchaguzi wa 2021, rafiki yangu tangu siku za kubeba faili za forodha kwa miguu alituma sauti kwenye kundi. Alikuwa na hasira, akasema makali juu ya mkubwa mmoja. Ilinichekesha. Nikamtumia mpwa wangu na kuandika, "Msikie mzee huyu." Mpwa akamtumia mwingine. Siku ya tatu sauti ilikuwa kwenye simu isiyopaswa kuwa nayo, na rafiki yangu akaitwa kujieleza. Alirudi jioni, mzima. Aliulizwa kundini wamo nani, akakataa kutaja hata jina moja. Alitukinga sisi tuliomtosa. Hajawahi kuniuliza kama ni mimi. Anajua.

Nilikuwa mwanafunzi wakati wa Amin. Kwenu State Research, wapelelezi wa Amin, ni hadithi. Wale watu hawakuwa na masikio marefu kuliko yetu. Walisikia kwa sababu jirani alibeba neno la jirani. Skrinishoti ni jirani yule yule, ila huyu anakuja na jina lako, tarehe na saa. Na msidhani mchezo umekwisha: Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 miaka sita kwa video za TikTok za kumtukana Rais na familia yake. Kura yangu mimi ni siri yangu na sanduku, lakini simpendi mtu awe wa chama chochote kiasi cha kumpeleka mwenzangu huko.

Wapo wanaotaka admini alifunge kundi. Nakataa. Kundi libaki la misiba na michango, na siasa irudi Jumapili, kwenye chungu, yenye sura na jasho. Aliyemtukana mwenzake kwenye stetasi aombe radhi kwenye stetasi. Asiniletee ujumbe wa siri kwa kosa la barazani. Ukichomwa na posti ya mwenzako, mfuate. Malaba hii ni ndogo, boda ni shilingi ngapi? Na atakayetoa neno la kundi nje, faini yake ni chungu kizima, wimbi na kuni juu yake.

Chungu cha Jumapili hii nimekwisha kukilipia. Ni faini yangu, imechelewa miaka. Mrija wa rafiki yangu ulikuwa ungali ukutani, umejaa vumbi na utando wa buibui. Nimeushusha nikauosha kwa maji ya moto. Saa tisa nitakuwa mlangoni kwake nao mkononi, na simu nitaiacha nyumbani.

Mzee wenu,
Malaba