Masasi ipi, ya Mji au ya Wilaya?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaotuandikia programu za kumbukumbu za korosho huku Kusini. Nilikuwa karani wa ghala katika chama cha msingi. Siku hizi mimi na binti wa dada yangu, aliyesomea takwimu, tunatengeneza kifurushi kidogo cha programu kwa lugha ya R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, chenye kazi moja: kushughulikia data za makundi, kama halmashauri, daraja la korosho na mwezi wa mnada.

Kompyuta ikikuta "Tandahimba" na "TANDAHIMBA" huhesabu sehemu mbili. Hilo dogo, mistari michache inalimaliza. Kazi ipo kwenye "Masasi". Mkoa wa Mtwara una halmashauri 9, na Masasi zimo mbili, ya Mji na ya Wilaya. Newala vilevile. Karani akiandika "Masasi" basi, hakuna ujanja wa herufi utakaojua alikusudia ipi. Na huko Lindi kuna halmashauri ya Mtama, ambayo kwenye safu ya mazao ni nafaka!

Sasa, R ukiipa orodha ya makundi halali, ikikuta neno lisilomo haipigi kelele. Inaweka NA, alama ya kukosekana, na kusonga mbele. Magunia ya mtu yametoka kwenye hesabu ya halmashauri yake na hakuna aliyeambiwa. Kifurushi chetu kinagoma: kinataja mstari na neno, kisha kinasubiri karani aamue.

"Mama mdogo, watu watakichukia," binti aliniambia.

Wakichukie. Ghalani mkulima haondoki bila stakabadhi eti kwa kuwa karani kachoka.

Mpangilio nao tunauandika wenyewe. Ukiiachia kompyuta ipange miezi kwa alfabeti, inaanza Desemba, inafuata Novemba, Oktoba mwisho: msimu mzima kinyumenyume. Na chama ambacho hakikuuza kitu wiki hiyo kibaki kwenye jedwali na sifuri yake. Majina yakiwa maandishi matupu, bila orodha ya makundi, jina lake halitokei kabisa, na msomaji hatajua kwamba kuna chama cha kuulizia. Tangu toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, R haigeuzi tena maandishi kuwa makundi bila kuombwa, kwa hiyo mwandishi wa programu asiposema, hayo ndiyo atakayoyapata.

Ombi langu ni moja. Orodha ya masahihisho msiifiche ndani ya programu, mahali ambapo karani hafiki. Yetu ni faili la kawaida lenye safu tatu: neno lilivyoandikwa, linavyotakiwa kuwa, na nani aliyeamua. Hiyo ya tatu mtaiona ya ziada na mtataka kuifuta. Iacheni, maana mkulima akija kuuliza mzigo wake ulihamia vipi Masasi Mji, lazima pawe na mtu wa kumjibu.

Karani wa zamani,
Masasi, Mtwara