Miwani ya uhalisia pepe ionyeshe mahali pa mgonjwa mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja kuhusu watafiti wa nchi za nje wanaojaribu miwani ya uhalisia pepe, yaani ile inayomwonyesha mtu mahali kana kwamba yumo, ili kuwasaidia wagonjwa wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) kukumbuka mambo mema ya maisha yao. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika vikundi vya ushauri nasaha vya wakimbizi wilayani Isingiro, hapa Uganda, na teknolojia hiyo naiunga mkono kwa sharti moja: mahali panapoonyeshwa pawe pa mgonjwa mwenyewe, na apachague yeye.

Sharti hilo linatokana na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1986, mwanasaikolojia Mark Williams na mwenzake nchini Uingereza waligundua kwamba watu waliojaribu kujiua hukumbuka maisha yao kwa jumla jumla, na tafiti zilizofuata ziliona hali hiyo hiyo kwa wagonjwa wa sonona. Ukimwuliza mgonjwa siku moja aliyofurahi, atajibu, "Zamani tulikuwa tunaishi vizuri," na maneno yanaishia hapo. Mama mmoja kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, alikuwa akilirudia jibu hilo kila kikao, hadi mshauri alipomwuliza siku hizo walikuwa wakipika nini. Akataja sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kisha kinu chenye ufa mdomoni, kisha dada yake aliyekuwa akitwanga huku akimgombeza kwa kuchelewa kuleta mawese, na kwa mara ya kwanza tukaisikia siku moja kamili, yenye watu wake na harufu yake.

Naamini miwani hii inaweza kufanya kazi ya swali lile. Kila jicho huona picha yake, na picha hizo hufuata mgeuko wa kichwa, hata mtu akajihisi yumo mahali pale hasa. Lakini ufuo wa mchanga mweupe uliopigwa picha ng'ambo hautamkumbusha chochote mtu aliyekulia Masisi kule Kongo au Rukungiri hapa Uganda. Zinahitajika picha za soko analolijua, za uwanja wa shule, za jiko la nje lenye moshi, na vijana wetu wa Mbarara na Kampala wanaweza kufundishwa kuzipiga. Kwa vijiji visivyofikika kwa sababu ya vita, mchoraji wa kompyuta akae na mgonjwa, amsikilize, achore, naye amsahihishe mpaka mlango uwe upande unaostahili.

Hatari nayo ipo, na ni kubwa. Utafiti wa Jutta Joormann na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kukumbuka mambo ya furaha kuliwachangamsha watu wasio na sonona, ilhali wagonjwa walizidi kuhuzunika. Hilo halinishangazi hata kidogo, kwa maana shamba alilochezea mtu utotoni laweza kuwa ndilo alilomzikia mumewe, na anayeonyeshwa raha iliyopotea huipima na hema analolala leo. Kwa hiyo mgonjwa asivalishwe miwani hiyo peke yake, wala asivuliwe na kurudishwa nyumbani bila mtu wa kuzungumza naye. Isigeuzwe pia kuwa kisingizio cha kuacha dawa zikosekane katika vituo vya afya.

Watu wa kuzungumza naye Uganda inajua kuwaandaa. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai lilifanyika jaribio la tiba ya vikundi, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2003. Wagonjwa walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo mafupi, na dalili zao zilipungua sana kuliko za wale ambao hawakupata tiba hiyo. Kama miwani italetwa, iletwe kwenye vikundi vya namna hiyo, isibaki Kampala katika chumba cha maonyesho.

Naiomba Wizara ya Afya, pamoja na vyuo vikuu vya Makerere na Mbarara, wamtake kila anayeleta vifaa hivi aketi kwanza na vikundi vilivyopo, aulize ni mahali gani watu wanataka kupaona tena na ni mahali gani hawataki kupaona kamwe, na majibu hayo ayaandike kabla ya kamera kuwashwa.

Wako,
Mkalimani, Isingiro