Namba ya siri ya kufungulia simu haimzuii mtoto kupakua programu

Mhariri,

Wazazi wengi hapa Mbeya humpa mtoto simu ya nyumbani wakiamini namba ya siri ya kufungulia inatosha. Haitoshi. Simu ikishafunguliwa, Play Store, duka la programu la Google, nalo liko wazi.

Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia Mipangilio, Familia, kisha udhibiti wa wazazi. Weka tarakimu 4 ambazo mtoto hazijui (tafadhali, zisiwe zile za kutolea pesa), halafu chagua umri: 3, 7, 12, 16 au 18. Rudia kwenye kila simu au tableti, kwa kuwa mpangilio huo hauhami. Programu zilizokwisha kupakuliwa hubaki, zifute mwenyewe.

Tundu kubwa liko kwingine. Watoto hutumiana faili za APK (faili za kusakinishia programu za Android) kwa WhatsApp na Bluetooth, nazo hazipiti Play Store kabisa, hivyo kizuizi cha umri hakizigusi. Kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, uzime ruhusa ya WhatsApp, Chrome na kisomaji cha faili, kimoja kimoja. Wengi huzima Chrome wakaisahau WhatsApp.

Mwenye mtoto wa chini ya miaka 13 amfungulie akaunti kupitia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto: kila programu mpya itasubiri idhini ya mzazi. Masasisho, na programu iliyowahi kuidhinishwa, hayaombi tena.

Mafundi simu,
Mwanjelwa, Mbeya